Nguvu za kiume zikipungua: tutafute sababu kwanza

Mwezi huu tunaingia katika jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini. Katika sanduku letu la maswali, karatasi zisizo na jina ni nyingi, na kati ya hizo nyingi zinauliza habari moja: nguvu za kiume. Baba mmoja aliandika mstari mmoja tu: "Mimi niko mwanaume wa jina." Mama mmoja aliuliza kama bwana yake ana bibi mwingine, maana tangu wafike kambini hamgusi tena. Kijana mmoja alitaka tumwambie ni dawa gani ya sokoni iliyo kali kuliko zote.

Kijana huyo hatutamtajia dawa, na mbele kidogo tutaeleza kwa nini. Kwanza tunataka wote washike neno hili: kukosa nguvu ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa tifoidi, inaweza kuwa kidonda kilichooza. Mama mwenye akili hampi mtoto kidonge chochote kwa sababu ana joto. Anampeleka apimwe damu. Basi na hili ni hivyo hivyo. Anayekimbilia dawa kabla ya kujua sababu anaweza kuificha dalili, na ugonjwa wenyewe ukaendelea kula mwili kimya kimya.

TUELEWANE JUU YA MANENO

Huku kwetu "nguvu za kiume" ni kapu moja lenye vitu vingi. Mtu mmoja anasema hana nguvu, kumbe maana yake hana hamu. Mwingine hamu anayo, lakini uume hausimami, au unasimama halafu unalegea kabla ya kazi. Wa tatu anasimama vizuri ila anamwaga mapema mno. Wa nne hana shida yoyote kitandani, ila mke hapati mimba. Hayo ni mambo manne. Hili la nne ni la mbali kabisa: mwanaume anaweza kusimama kila siku na mbegu zake zisizalishe, na mwingine mwenye shida ya kusimama akawa na mbegu nzuri. Ukifika mbele ya daktari, usiseme tu "sina nguvu". Sema ni lipi kati ya hayo, utamsaidia sana.

Leo tutazungumza zaidi juu ya uume kutosimama au kutodumu. Na tuseme wazi: usiku mmoja si ugonjwa. Umelima tangu asubuhi, umekunywa, umegombana na jirani, umepata habari ya msiba kutoka nyumbani. Mwili unaweza kukataa. Shida inaanza kuitwa ugonjwa ikirudi mara nyingi na kudumu, tuseme miezi 3 au zaidi.

Tena si wewe peke yako. Huko Massachusetts, Marekani, kati ya mwaka 1987 na 1989, wachunguzi waliwauliza wanaume wa miaka 40 hadi 70. Waliokuwa na shida hii, iwe ndogo au kubwa, walikuwa 52 kwa mia. Ni wanaume wa nchi tajiri, wasiokimbia vita. Kwa hiyo anayedhani yeye peke yake ndiye mwenye aibu katika kijiji chake, ajue kwamba pengine jirani yake naye amenyamaza.

KAZI YA DAMU, MISHIPA NA KICHWA

Uume wa mtu hauna mfupa, wala si msuli wa kukaza kama mkono. Ndani yake kuna nyama laini kama sponji. Mwanaume akipata hamu, ubongo unatuma amri kupitia mishipa ya fahamu ya mgongo. Amri ikifika, mwili unatoa hewa moja ndogo iitwayo nitriki oksaidi, nayo inalegeza mishipa ya damu. Damu inaingia kwa wingi, sponji inajaa, na ikijaa inabana njia ya kutokea ili damu isirudi haraka. Wataalamu 3 wa Marekani waliogundua kazi ya hewa hiyo katika mishipa ya damu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Fikirini bomba letu la maji. Ndoo isipojaa, pengine mpira umeziba. Pengine ndoo yenyewe imetoboka. Pengine mtu wa kufungua koki hakupata habari. Mwilini nako sababu zinakwenda namna hiyo: damu haiingii vya kutosha, au inatoroka, au amri haifiki. Ndiyo maana dawa moja haiwezi kufaa watu wote.

SABABU ZA MWILINI

Ya kwanza ni mishipa ya damu. Presha, mafuta mengi katika damu, sigara na sukari huifanya mishipa iwe migumu na myembamba. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2. Ile ya moyo ina milimita 3 hadi 4. Ugonjwa ule ule ukiingia mwilini, mrija mdogo unaonyesha shida mbele ya mrija mkubwa. Madaktari wameona kwamba kwa wanaume wengi wenye ugonjwa wa moyo, uume ulianza kuwasumbua miaka 2 hadi 5 kabla ya moyo. Akina baba, sikieni vizuri: shida hii inaweza kuwa barua ambayo moyo wako umeituma mapema. Ukiichana bila kuisoma, hasara ni ya watoto.

Ya pili ni ugonjwa wa sukari. Huo unaharibu mishipa ya damu na mishipa ya fahamu kwa pamoja. Wako wanaume waliojua kwamba wana sukari kwa sababu tu walikwenda kuuliza habari ya uume. Kama unakunywa maji mengi, unaamka kukojoa mara nyingi usiku, unakonda na miguu inakufa ganzi, usichelewe.

Ya tatu ni mishipa ya fahamu kukatika au kubanwa: aliyeumia mgongo kwa risasi, kwa kipigo au kwa kuanguka, na aliyepasuliwa sehemu za chini ya tumbo.

Ya nne ni homoni ya kiume, testosteroni, kupungua. Hapo mara nyingi kinachoondoka kwanza ni hamu, na mtu anachoka bila sababu.

Ya tano ni dawa za hospitali. Baadhi ya dawa za presha, za huzuni na za magonjwa ya akili zinaweza kupunguza nguvu. Lakini tafadhali, usiache dawa ya presha kwa kichwa chako. Mwambie aliyekuandikia, kwa maana mara nyingi kuna nyingine ya kubadilisha. Anayeacha dawa ili apate nguvu anaweza kupata kiharusi, na hapo amepoteza vyote viwili.

Ya sita tunaijua wote: pombe. Waragi, lotoko na kasiksi vinampa mtu maneno mengi na hamu nyingi, ila mwili unalala. Akinywa miaka mingi, ini na mishipa vinaharibika, na homoni inashuka.

SABABU ZA MOYONI, NA VITA TULIVYOPITA

Sasa tufike mahali pagumu. Kichwa kikiwa na hofu, mwili uko tayari kukimbia, na mwili ulio tayari kukimbia unabana mishipa ya damu. Mtu anayeota risasi kila usiku hawezi kulala vizuri, wala kuwa na mke wake vizuri. Ongeza mengine ya hapa: kukosa kazi, kupanga mstari kwa ajili ya chakula, baba aliyekuwa na ng'ombe na shamba leo anaomba hela ya sabuni. Ongeza nyumba ya chumba kimoja, watoto wamelala upande wa pili wa pazia. Baba anasikiliza kama mtoto amelala, mama anasikiliza kama jirani anasikia. Basi ikishindikana mara moja, mara ya pili anakuja na woga wa kushindwa, na woga huo unatosha kumshinda.

Tena kuna lile lisilosemwa. Mwaka 2010 ulifanywa uchunguzi katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, ukiuliza watu wazima karibu 1,000. Kati ya wanawake, 39.7 kwa mia walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Kati ya wanaume, 23.6 kwa mia. Ni karibu mwanaume mmoja kati ya wanne. Wengi wao hawakumwambia mtu, hata mke. Huku Uganda, Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere ilitoa filamu juu ya wanaume wa namna hiyo mwaka 2009, ili watu wajue kwamba jambo hili lipo.

Ndugu yetu unayesoma na moyo unapiga: ulichofanyiwa hakikukuondolea uanaume. Ni jinai uliyotendewa. Mwili ulioumizwa unaweza kukataa kuguswa, hata na mtu unayempenda, na si kwa sababu humpendi. Kuna matibabu ya vidonda, na kuna watu waliofundishwa kusikiliza. Huhitaji kusimulia yote siku ya kwanza. Sema tu, "Nilitendewa ubaya wakati wa vita, na tangu hapo mwili hauko sawa."

Wengine wanasema mtu "amefungwa", na mwanamke wa zamani au na wakwe ambao hawakumaliziwa mahari. Hatuko hapa kugombana na imani ya mtu. Tunaomba jambo moja: hata kama utakwenda kwa mzee wa dawa, pitia kwanza kituo cha afya, upimwe presha na sukari. Kama ni sukari, mahari ikimalizwa yote leo, sukari itabaki.

UKIFIKA KITUONI, WATAFANYA NINI?

Wengi wanaogopa kwa sababu hawajui yatakayowapata. Sehemu kubwa ni maswali. Watauliza: ilianza lini? Ghafla, au pole pole? Inatokea kila mara, au na mtu mmoja tu? Unatumia dawa gani? Unakunywa, unavuta? Umewahi kuumia mgongo? Unalala vipi? Hapo usidanganye, kwa sababu jibu la uongo litaleta dawa ya uongo.

Kuna swali moja ambalo wengi wanalishangaa: "Alfajiri unaamka umesimama?" Lina maana kubwa. Mwanaume mzima mwenye afya, akiwa usingizini, uume husimama mara 3 hadi 5 usiku bila yeye kujua. Kama alfajiri unasimama vizuri lakini mbele ya mke hapana, basi mara nyingi damu na mishipa viko sawa, na shida iko upande wa mawazo. Kama hausimami kabisa hata usingizini, na ilikuja pole pole, watatafuta zaidi katika mwili. Zamani wataalamu walikuwa na njia ya kuchekesha: mwaka 1980 iliandikwa namna ya kuzungushia uume stempu za posta wakati wa kulala, na asubuhi kuangalia kama zimekatika. Usiogope, hakuna atakayekuletea stempu.

Baadaye atakupima presha. Ikiwa 140 juu ya 90 au zaidi, tena kwa siku tofauti, ni presha. Watakutoa tone la damu la sukari, vizuri zaidi ukiwa hujala tangu jana usiku, ikifika 7.0 au zaidi, itarudiwa ili kuhakikisha. Daktari anaweza kutazama uume na korodani, kwa faragha, ni dakika chache. Kipimo cha testosteroni kinachukuliwa asubuhi, kwa sababu saa hizo homoni iko juu, na kikionekana chini kinarudiwa siku nyingine. Hicho pamoja na kipimo cha mafuta ya damu, kama havipo kituoni, uliza habari ya barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa.

Na lugha? Tunajua wengi wanakwama hapo. Mkalimani anaweza kuwa binti wa jirani, na mzee anaishia kusema anaumwa kichwa. Omba mkalimani mwanaume, au mtu usiyekaa naye kijiji kimoja. Ukiona aibu hata kuomba, andika katika karatasi na uitoe ukiwa mbele ya daktari. Yanayosemwa mle ndani ni siri. Mhudumu haruhusiwi kuyatoa nje.

DAWA ZA SOKONI

Sasa turudi kwa kijana wetu. Kidonge kinachojulikana sana kwa kazi hii kinaitwa sildenafili. Kilikuwa kinajaribiwa kwa maumivu ya moyo, ndipo kazi yake hii ikaonekana, na Marekani ikakikubali mwaka 1998. Ni dawa ya kweli, inasaidia wengi, lakini ina masharti. Anayetumia dawa za moyo za kundi la nitreti akikimeza, presha yake inaweza kuanguka mpaka afe. Wala hakiondoi sukari, wala presha, wala ndoto za vita.

Hatari iliyozidi ni ile usiyojua kwamba unaimeza. Mwaka 2018 kulikuwa na kinywaji cha kuongeza nguvu kilichotengenezwa Ndola, Zambia, na kuuzwa hata huku Uganda. Mtu mmoja alilalamika kwamba alitoka jasho bila kukoma na uume ukasimama karibu saa 6. Mamlaka ya Dawa ya Uganda ilipokipima ilikuta sildenafili ndani. Mwanzoni mwa 2019 Zambia ilikisimamisha. Sasa fikiri: kama chupa ya kiwandani yenye karatasi nzuri ilikuwa hivyo, je, unga uliofungwa katika nailoni sokoni, nani ameupima?

Na mulondo? Huo mzizi watu wanautafuna tangu zamani. Majaribio yanayojulikana zaidi yamefanywa kwa panya, kwa hiyo hatuwezi kukuahidi kitu. Ukiutafuna usiache kupima.

Kijana wetu, ukiwa na umri wako na alfajiri unasimama, huenda huhitaji dawa kabisa. Unahitaji usingizi, kupunguza waragi, na mtu wa kuongea naye. Na kwa wote: uchambuzi uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mazoezi ya kutoa jasho, dakika 40, mara 4 kwa wiki, kwa muda wa miezi 6, yaliwasaidia wanaume ambao shida yao ilitokana na kukaa tu, unene, presha au mishipa ya damu. Hayo hayauzwi sokoni.

NENO KWA AKINA MAMA

Mama uliyeuliza kama bwana ana bibi mwingine: sisi hatujui. Lakini mwanaume anayeona aibu mara nyingi anakimbia kitanda kabla hajakimbia nyumba. Anachelewa kurudi, anakasirika bure, anajifanya amelala. Usimwambie mbele ya watoto, wala usipeleke habari kwa dada zake. Tafuta saa ambayo mko wawili, mchana si usiku, useme: "Baba watoto, naona mwili wako umechoka. Twende wote wawili tupimwe presha." Presha haina aibu, na ukishafika mbele ya daktari mengine yatafuata. Wako waume wengi waliofika kituoni kwa sababu mke aliweka njia rahisi.

Nawe baba, usimtafute mke wa pili ili ujipime. Ukishindwa na huyo pia, utakuwa na nyumba mbili za aibu, na unaweza kuwaletea wote magonjwa.

USINGOJE KESHO

Nenda kituoni siku ile ile, hata usiku, ikiwa: uume umesimama zaidi ya saa 4 na haulali, kifua kinabana wakati wa tendo la ndoa, au umekufa ganzi sehemu ya kukalia pamoja na kushindwa kuzuia au kutoa mkojo. Kama kifua kinabana na umemeza kidonge cha nguvu, mwambie daktari upesi, ili asije akakupa dawa isiyopatana nacho.

Kwa wengine, wiki hii inatosha. Waulizeni wahudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT, siku za kupima presha na sukari. Sanduku la maswali liko pale pale, na karatasi bila jina tunaipokea. Mwezi ujao, kama wengi walivyoomba, tutazungumza juu ya presha kwa wanawake wenye mimba. Mbakie na afya njema, ninyi na watoto wenu.